Mahindi ya Mzee Mwaringa

Jumamosi moja, saa nne ya asubuhi, watu wawili walikuwa wakihutubia umati mmoja katika soko la Malindi, wala hapakuwa na aliyewasikiliza. Mmoja alikuwa Damaris Mwaringa, afisa wa mawasiliano wa shirika dogo la Kilifi lililojenga vyoo vijijini. Alisimama kando ya tuktuk ya kukodi yenye vipaza sauti viwili, amevaa gauni la kitenge cha samawati na kilemba cha kitambaa hicho hicho, akiwahimiza wanunuzi wa nyanya wachimbe vyoo. Wa pili alikuwa Kombe Dena, mtangazaji wa redio, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi likakakamaa. Alikuwa akimhoji hewani mchuuzi wa papa mkavu.

Kombe alipoona kelele za Damaris haziishi, alimwendea.

"Dada, wasikilizaji wangu wanataka bei ya papa. Wanachosikia ni choo."

"Basi wamebahatika, kaka. Papa watamla leo, choo watakihitaji kesho."

"Kwa papa yule niliyemwona, hata kesho haifiki."

Damaris alicheka kabla ya kujizuia, na kicheko chake kikapita katika vipaza sauti hadi mwisho wa soko. Kombe hakukisahau.

Kwa miezi minne walizungumza kwa simu kila mchana, yeye Malindi, Damaris Kilifi.

"Umekula?" Damaris aliuliza.

"Nimekula sauti yako."

"Sauti haishibishi, mwanamume wewe. Tafuta ugali."

Wakaafikiana kwamba baada ya mavuno wazee wa Kombe wangekwenda bara, nyumbani kwa Mzee Mwaringa, kumposa binti.

Yapasa isemwe kwamba Kombe alikuwa kijana wa adabu, mtoto wa Kibarani, aliyelelewa katika nyumba ya watu wacha Mungu. Alikuwa na ila moja: alisikiliza kama mtu anayengoja zamu yake ya kusema.

Alhamisi moja Damaris alimpigia simu akiwa katika furaha.

"Nikuchekeshe, laazizi? Kile choo ambacho shirika letu lilijenga kwetu mwaka jana, baba amekitia mahindi. Magunia matatu, na kufuli mlangoni!"

"Mahindi? Chooni?"

"Kweli kabisa. Lakini ngoja nikueleze kwa nini, maana hata mimi..."

"Utanieleza jioni, mpenzi. Taa nyekundu imewaka, naingia hewani."

Kombe aliingia hewani akiwa na dakika tatu zisizo na habari, akazijaza kwa mahindi yale.

"Kuna mzee mmoja huko bara," alisema, "bintiye mwenyewe ni afisa wa vyoo. Amejengewa choo cha saruji, cha bure, naye amekifanya ghala! Wapendwa, tutaelimika lini?"

Simu za wasikilizaji zikamiminika. Mmoja akauliza kama ugali wa nyumba hiyo wahitaji mboga. Kombe alicheka hadi akakohoa.

Saa ile ile Mzee Mwaringa, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, alikuwa kwenye mashine ya kusaga, ambako redio haizimwi. Alimsikia yule kijana, akawaona wanawake waliokuwa nyuma yake wakivuta ndoo zao pembeni, kwa kuwa hakuna aliyetaka mahindi yake yapite mashineni baada ya yale ya mzee. Alijitwika debe lake la mahindi yasiyosagwa akarudi nyumbani. Jumapili hakuonekana kanisani.

"Umemwanika baba yangu," Damaris alisema katika simu.

"Sikutaja jina la mtu, Damaris."

"Maafisa wa vyoo wenye baba huko bara ni wangapi, Kombe? Tuhesabu?"

"Nieleze basi, kwa nini aliyatia..."

"Nilipotaka kukueleza, ulikuwa na taa nyekundu."

Akakata. Kombe alisikiliza rekodi ya kipindi chake tangu mwanzo, na aliposikia kicheko chake mwenyewe alikizima. Siku ya nne alikwenda Kilifi, akamkuta Damaris ofisini, amejitanda leso, macho yamevimba. Hakumkaribisha kiti.

"Wewe ni Mgiriama?" Damaris aliuliza.

"Wajua kuwa ni Mgiriama."

"Basi nyanya yako angejua. Baba na Bridgit, mke wa kaka yangu, hawawezi kuingia choo kimoja. Mkwe na mkaza mwana! Ni heshima ya nyumba. Shirika lilileta kimoja. Baba hakutaka kumfukuzia Bridgit peke yake vichakani, wala kuwavunjia heshima waliokijenga kwa kukikataa. Alikifunga siku kilipokamilika. Hakuna mtu aliyewahi kukitumia, Kombe. Mahindi yale ni safi kuliko maneno yako."

Kombe aliinamisha kichwa.

"Aibu yangu, Damaris."

"Ni yangu kwanza. 'Nyumba moja, choo kimoja', kile kijitabu cha shirika nilikiandika mimi. Nilikaa na mafundi mezani, nikaona haya kuwaambia mila yetu, wasije wakatuona washamba. Wewe hukujua. Mimi nilijua nikanyamaza."

Kesho yake Kombe alifika bara, akamkuta mzee akipukuchua mahindi barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sauti yako naijua."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulinitukana hapa uani?"

"La, baba. Hewani."

"Basi mbona umekuja uani?"

Mzee akaendelea na mahindi yake. Kombe akaaga, akaenda zake.

Alhamisi iliyofuata, Sahla, mkuu wa kituo, alimruhusu aombe radhi kwa sentensi moja. Kombe alitumia kipindi kizima. Alisema amedhihaki nyumba ya mtu mwadilifu, kwamba mahindi yale hayakugusa uchafu, kwamba yeye mwana wa Kigiriama hakujua heshima ya kwao wala hakungoja kuelezwa. Kisha akasema, "Sasa nasikiliza," akanyamaza.

Wakapiga simu watu wa maboma manne, mmoja baada ya mwingine. Nao walikuwa na choo chenye kufuli, nao hawakuulizwa. Simu ya tano ilikuwa ya sauti aliyoijua.

"Mimi ni Damaris Mwaringa. Kile kijitabu nilikiandika mimi, hali nikijua. Nawaomba radhi, na baba, popote ulipo, nakuomba radhi."

Kombe alifungua kinywa, akakifunga. Wasikilizaji wakamsikia akipumua tu.

Shirika lilikiondoa kijitabu. Damaris akaanza kuzunguka vijijini bila kipaza sauti, akiuliza kwanza nani na nani huishi pamoja, na mafundi wakafuata nyuma yake. Mzee Mwaringa akarudi kwenye mashine ya kusaga, na wale wanawake wa ndoo wakampisha mbele.

Mavuno yalipokwisha, naye Damaris amerudi kupokea simu zake, Kombe alirudi bara peke yake, kuomba ruhusa ya kuleta wazee. Uani sasa palikuwa na choo kimoja karibu na jiko na kingine kipya mbali, nyuma ya migomba. Mama Zipporah, mamake Damaris, alimpa madafu mawili kisha akaingia ndani. Baada ya safari ndefu ya bodaboda, madafu yale yalimlemea. Akainuka kwenda kwenye choo cha karibu.

Mzee Mwaringa akamkinga njia kwa bakora.

"Hapo huingii wewe."

Uso ulimwaka Kombe. Akaona kwamba hakusamehewa, na kwamba hatasamehewa. Alitaka kugeuka aende zake kama siku ile; maneno ya kujitetea yalikuwa yamekwisha kumjia ulimini. Akayameza.

"Kwa nini, baba?" aliuliza, akangoja.

Mzee aliishusha bakora.

"Mgeni yeyote angeingia," alisema, "hata muuza mitumba. Lakini hicho huingia mama yake Damaris, na mkwe haingii anakoingia mama mkwe. Nenda kile cha nyuma ya migomba. Ukitoka, uniambie wazee wako waja lini."

Kutoka jikoni kikasikika kicheko, kile kile cha sokoni, ingawa mwenyewe alikuwa ameziba kinywa kwa leso.