Springi Zilizomzoea Mtoto

Jua lilikuwa linazama Kisulisuli alipoingia dukani kwa Mama Vyuma, springi iliyokatika ikiwa mkononi. Jina hilo alipewa mtaani enzi za ujana wake, alipokuwa akikata kona na gari lake jekundu mpaka mbwa wanatafuta pa kujificha. Ni yeye mwenyewe aliyezipunguza springi za nyuma kwa msumeno wa chuma ili gari lilale chini, lipendeze. Na kweli lilipendeza. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu alikuwa amefika jioni ileile, springi moja vipande viwili na shokapu zote mbili zikivuja.

Alfajiri alitakiwa kumvusha binti yake milimani, hadi hospitali ya upande wa pili. Daktari wa moyo alikuwa mgeni wa kupita, na kesho ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Gari la wagonjwa walishalisubiri, wakaambulia vumbi. Midomo ya mtoto ilianza kuwa ya bluu. Kisulisuli aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na wala hakuona haya.

"Unataka za mbio au za kubeba?" Mama Vyuma aliuliza baada ya kuitikia shikamoo yake.

"Za kona, mama. Mkia usiyumbe."

Akamwekea fupi, ngumu, zile wanazozipenda vijana wa mashindano. "Hizi zinashika kona. Ila kila shimo litampiga aliyekaa nyuma. Nyuma anakaa nani?"

"Mwanangu. Moyo wake haufai kutikiswa."

"Basi chukua laini."

"Laini zitayumba kwenye kona. Itabidi niende polepole, na nikienda polepole nimemkosa daktari."

Mama Vyuma alizirudisha zile fupi rafuni. Kisha akainama chini ya meza, akavuta gunia. Ndani mlikuwa na springi na shokapu zilizotumika, safi kabisa, lakini zikinuka tope la mtoni.

"Zipo hizi," alinong'ona. "Haziyumbi, hazitikisi. Zimeshamzoea mtoto."

Mtu mwenye akili zake angeuliza mtoto gani. Kisulisuli hakuuliza. Mfa maji haachi kutapatapa.

"Kabla hujakaza, muweke mwanao kwenye kiti," mama yule aliongeza. "Mwanao mwenyewe. Umenisikia?"

"Mama, kazi hii naijua."

Aliijua kweli. Bolti za mikono ya nyuma, vyuma vinavyoshikilia magurudumu, hazikazwi gari likiwa limeinuliwa kwa jeki. Unalishusha, unalipakia uzito litakaoubeba, ndipo unakaza. Mpira wa bushi, ule wa kwenye maungio, hushika mkao unaoukuta wakati huo, na huo ndio unakuwa mkao wake.

Kufikia saa nne usiku, kila kitu kilikuwa kimefungwa, imebaki kukaza tu. Gari lilisimama uani kwa magurudumu yake, Kisulisuli akiwa chali chini yake, tochi mdomoni. Binti alikuwa ndani amelala. Kumwamsha hakuthubutu. Alikuwa akiwaza atafute mfuko wa mchanga unaolingana naye...

Ndipo gari likashuka.

Taratibu. Upande wa kulia, nyuma, kama vile linavyoshuka mtoto anapokaa. Kiti kikalia. Mlango hakuusikia.

Tak... tak... tak... Visigino vilikuwa vikigonga kiti. Binti yake hakujua kukaa bila kuning'iniza miguu.

"Umeamka, mwanangu?"

Tak... tak...

"Haya, kaa hapohapo. Usitikisike, baba akaze."

"Sawa, baba."

Sauti ilikuwa nzito, kama ya mwenye mafua. Kisulisuli karibu alie kwa furaha kwamba mtoto amepata nguvu za kutembea. Akakaza bolti ya kwanza, akakaza zote, mikono ikienda mbio. Alikuwa anaimalizia ya mwisho tone la maji lilipomwangukia usoni. Halafu la pili. Yalinuka tope.

Akachomoka chini ya gari.

Kiti kilikuwa kitupu. Kimelowa.

Na mkia wa gari ulikuwa bado umeshuka.

Alimkuta mkewe kitandani, kichwa cha binti mapajani mwake. "Ametoka nje?" aliuliza.

"Atatokaje, hata kichwa hajanyanyua. Mbona uso umelowa?"

Alimpigia simu Mama Vyuma. Kabla hajasema neno, mama akauliza, "Umekaza na nani ndani?"

"Kiti kimelowa, mama," Kisulisuli alisema.

"Zilitoka kwenye gari lililozama mtoni na mtoto ndani," sauti ilisema polepole. "Baba wa mtoto alizileta mwenyewe. Hakutaka malipo. Alisema tu zimfikie mzazi mwenzake."

"Nizifungue?"

"Una nyingine?"

Hakuwa nazo. Kulipopambazuka waliondoka.

Gari halijawahi kwenda vile. Kona zote lilizimeza, mashimo likayapita kama halikuyaona. Mkewe, kwenye kiti cha mbele, alifikia hata kumsifu. Nyuma, binti yao alikuwa amejibana kwenye mlango wa kushoto ingawa nafasi ilikuwa tele.

"Baba," alisema kwa pumzi fupi, "mwambie asogee."

Mkewe aligeuka, asione kitu. Kisulisuli hakugeuka. Machozi yalimtoka, akakanyaga mafuta zaidi.

Walifika daktari bado yupo. Muuguzi alikuwa mlangoni akiwapungia mkono, mkewe akatangulia mbio. Kisulisuli akamkumbatia binti yake na kumtoa. Alikuwa mwepesi, ugonjwa ulishammaliza. Gari likainuka.

Alipiga hatua chache. Mtoto akawa mzito mikononi mwake. Akazidi kuwa mzito, na nguo zikaanza kulowa.

Akamtazama usoni. Ni binti yake, hakuna shaka. Lakini midomo haikuwa ya bluu tena, na alivuta pumzi ndefu, pumzi ambayo hajawahi kuivuta tangu azaliwe.

"Tumefika, mwanangu," alinong'ona.

"Sawa, baba," mtoto alijibu, kwa sauti nzito ya mafua.

Nyuma yake gari likashuka tena. Ndani, upande wa kushoto, kulikuwa na mtu anahema... pumzi fupi, fupi.

"Mlete, baba, daktari anaondoka," muuguzi aliita.

Kisulisuli alisimama palepale, mtoto mikononi, asijue amwingize yupi.