Neno la Siri la Mke wa Fundi Viatu

Ndugu zangu, nyumba ya fundi viatu ilikuwa na amani ya kuonewa wivu. Kila asubuhi, kabla mzee hajaenda kibandani, mkewe alifungua simu akamsomea alichoandika binti yao kwenye blogu yake. Binti alikuwa muuguzi mji mwingine, na kalamu yake ilikuwa tamu. Mzee alisikiliza huku akifunga kamba za viatu, kisha akifika kibandani anawatambia wateja kwamba leo amesoma makala ya mwanawe. Hakuna aliyejua kuwa hajui hata herufi moja. Siri hiyo waliitunza wawili tangu harusi yao.

Siku moja binti akalalamika kwenye blogu kwamba hakuna anayemwachia maoni, hata watu wa kwao. Maneno hayo yakamchoma mama. Akaamua kumwandikia "Hongera mwanangu", basi. Lakini binti aliwahi kutukanwa na watu asiowajua, akaweka vizingiti kama vya benki: fungua akaunti, thibitisha barua pepe, chagua picha zenye taa za barabarani, thibitisha kwamba wewe si roboti. Mtu kamzaa, leo anaulizwa kama ni binadamu!

Mwishowe simu ikamtaka aandike neno la siri. Akaandika "upendo". Ikamjibu kwamba neno lake la siri ni dhaifu. Mama akatafakari. Siri yenye nguvu? Maishani alikuwa nayo moja tu. Akaandika kwamba Baba hajui kusoma, akachomeka namba na alama zilizotakiwa, na simu ikaridhika: imara sana. Ukurasa ukabadilika, kisanduku kingine kikafunguka. Akadhani anaulizwa tena, akarudia yale yale na kubonyeza "Tuma".

Kumbe hicho ndicho kilikuwa kisanduku cha maoni.

Alipogundua alijaribu kufuta, akatakiwa aingie upya. Kwa haraka akakosea herufi, akafungiwa nje. Akampigia binti, yuko zamu, simu imezimwa. Akatoka mbio kwenda kibandani.

Alichelewa. Mteja mmoja mpenda mzaha alikuwa ameshamnyooshea mzee simu, akimuuliza kama ameona alichoandika mama. Mzee alifuta mikono kwenye aproni, akaishika simu, akatembeza macho kwenye kioo kama alivyozoea kuona wasomaji wakifanya.

"Nimeona," akasema. "Ameandika ukweli. Mke wangu hana uongo."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mzee naye akacheka, akidhani wanafurahi pamoja naye. Mkewe alisimama nje ya kibanda akitamani ardhi ipasuke immeze. Mliocheka mnajijua, sina haja ya kuwataja.

Walipofika nyumbani alimweleza yote. Mzee akauliza, "Kwa hiyo nimejisifia ujinga wangu mwenyewe mbele ya watu?" Kesho yake hakwenda kibandani, wala keshokutwa.

Binti alikuja akiwa ameondoa vizingiti vyote na kufuta yale maneno, lakini watu walishayapiga picha wakatumiana. Alipiga magoti mbele ya baba yake akaomba radhi. Mzee hakumgombeza. Alimwomba tu amwonyeshe, kwenye mojawapo ya picha hizo, mahali palipoandikwa "Baba". Binti akaweka kidole. Mzee akainama, akazitazama herufi nne.

"Fupi hivi?" akasema, machozi yakimtoka. "Miaka yote nimeogopa kitu kifupi hivi?"

Funzo

Mwenye blogu, ukitaka watu waingie kwako, usiweke mlango ambao mama yako hawezi kuufungua. Mwenye matusi atapita dirishani. Atakayeumia ni mwenye nia njema. Nanyi wake na waume, siri ya mwenzako si yako peke yako. Usiiandike popote, hata mahali panapoitwa pa siri. Ama nyinyi mliocheka, viatu vyenu bado vimo kibandani, na mwenye ufunguo yuko nyumbani anajifunza herufi. Tembeeni peku kidogo, aibu iwaingie kuanzia nyayoni.