Pikipiki Kubwa ya Idarusi

"Panda basi, Nasra! Au waogopa?"

Idarusi alikuwa ameshaikalia ile pikipiki nyekundu, CC mia mbili hamsini, ndefu kama ngamia. Ncha tu za viatu vyake ziligusa mchanga wa uwanja wa Uweso, muuza pikipiki wa pale Pongwe. Visigino vilining'inia. Niliviona. Uweso naye aliviona, akageuza uso.

"Siogopi," nikasema. "Ila naona..."

"Waona nini?"

Ndoa yetu ilikuwa Ijumaa ijayo, na mchumba wangu ni mfupi kwangu kwa kichwa kizima. Jambo hilo hatukuwahi kulitamka.

"Hiyo yako ya mia hamsini ina ubaya gani? Mwaka wa tatu yakupeleka hadi Muheza kutengeneza mafriji ya watu, haijakulaza njiani hata siku moja."

"Ile ya kitoto."

"Nani kasema?"

Uweso akadakia:

"Bi harusi, mwachie bwana achague. Tubadilishane leo leo, ile aniachie. Kuna mtu wa Horohoro anaifuata hii saa kumi, shauri yenu."

"Idarusi, miguu haifiki," ikanitoka.

Uso ukambadilika.

"Nawe pia, Nasra?" Alisema chinichini, na hilo likaniogopesha zaidi. "Siku ya Idi nilipokuja kwenu, shangazi yako Mwamvua alisema nitafutiwe stuli niwe sawa nawe kwenye picha. Ukumbi mzima ukacheka. Nikakutazama wewe. Wewe ukatazama mkeka."

"Niliona haya, Idarusi."

"Na mimi je?" Akawasha. Injini ikanguruma. "Naenda kuijaribu. Kama hupandi, nenda kwenu, na hiyo Ijumaa tusidanganyane."

Nikakunja baibui juu ya suruali, nikapanda mguu huku, mguu huku.

Tukashika barabara ya Muheza. Upepo ulinipiga machoni.

"Punguza!"

"Hii ndiyo pikipiki, bibi! Ile ilikuwa baiskeli!"

"Idarusi, kuna kivuko mbele! Lori linasimama!"

Akafunga breki. Tukasimama, lakini ukingo wa lami pale umeshuka, na mguu wake wa kushoto ukatafuta ardhi usiipate. Pikipiki ikaanza kulala upande wa mtaro. Nyuma yetu basi likapiga honi mfululizo.

"Inaniponyoka!"

Mguu wangu ulikuwa chini kabla sijafikiri. Goti likalia. Uzito wote ukanijia pajani.

"Usiachie, Nasra!"

"Siachii! Vuta kwako! Vuta!"

Akavuta, nikasukuma. Ikasimama. Utingo wa lile basi akachomoza kichwa dirishani.

"Yakhe! Wafundishwa kutembea na mkeo?"

Abiria wakaangua kicheko. Nikaona shingo ya Idarusi ikiinama. Mimi ambaye chuoni niliogopa hata kumuuliza mwalimu swali, nikasikia sauti yangu ikipaa.

"Ndiye mume wangu! Ana mkono wa fundi, hutengeneza mpaka friji la mamako. Una jingine?"

"Sina, shemeji," akasema yule utingo, akarudisha kichwa ndani.

Tukaikokota pikipiki mpaka pembeni. Idarusi akaketi kwenye nyasi, kijasho kikimtoka.

"Huyo humjui, umemjibu," akasema bila kunitazama. "Shangazi yako je?"

Swali lile lilikuwa zito kuliko pikipiki. Shangazi Mwamvua ndiye aliyenilea. Nikatoa simu, nikaandika, nikampa asome kwanza:

"Shikamoo shangazi. Maneno ya stuli siku ya Idi yaliniuma, na nilikosa kwa kunyamaza. Nakuomba Ijumaa yasirudiwe. Yakirudiwa, nitanyanyuka na mume wangu tuondoke."

Akasoma mara mbili.

"Utaituma kweli?"

Nikaituma. Tukakodolea macho kioo cha simu. Dakika tatu, nne. Ikalia.

"Marahaba. Kumbe mdomo unao! Nimekosa mwanangu, sitarudia. Mpe Idarusi salamu, mwambie wali wa Ijumaa nitampakulia mwenyewe."

Idarusi akacheka puani, akajifuta macho kwa kiganja kama aliyeingiwa na vumbi. Akampigia Uweso.

"Uweso, mwambie mtu wa Horohoro aje. Twakurudishia, polepole."

"Kwani ina kasoro?"

"Haina hata moja. Mimi ndiye mfupi, bwana."

Idarusi akanitazama, kwa mara ya kwanza siku ile, kichwa juu.

"Na mke wangu ni mrefu, mashallah," akaongeza. "Ile yangu ya mia hamsini yatutosha sote wawili."