Kigezo cha Maji

Lifti ya jengo la nishati ilikuwa imegoma, watu wamejazana ngazini wakisukumana na kumsema fundi asiyekuwepo. Hapo ndipo mbunifu wa mitambo, na gauni lake la bluu lililopigwa pasi upande mmoja tu, alipogongana na mpima maji, mikono ya shati imekunjwa, kikapu cha chupa za sampuli mkononi.

"Samahani, dada." Kisha mwanamume akamtambua. "Ah. Ni wewe."

"Ni mimi."

Mwanamke mwingine angezirai. Yeye, wapi! Moyo ulikufa ganzi tangu waachane. Chakula hakina ladha, mama yake akimsema anaitikia tu.

Kisa chenyewe? Alikuwa anapanga umeme wa mji mzima: jua kiasi gani, upepo kiasi gani, betri ngapi. Vigezo vya mazingira vilikuwa kumi na viwili, kompyuta ikalemewa. Alipoona vingi vinapanda na kushuka pamoja, akabakiza moshi peke yake, uwakilishe vyote. Maji akayafuta. Maji ambayo mpenzi wake aliyapima visimani kwa miaka, juani na mvuani! Wala hakumwambia. Mwenzake alijionea kikaoni, mbele za watu. Akaenda zake, simu hakupokea tena.

"Nilikosea," mwanamke alisema sasa. "Paneli za jua zinaoshwa kwa maji ya visima. Moshi unapungua, visima vinakauka. Haviendi pamoja hata kidogo. Nimeyarudisha maji. Vimebaki vigezo viwili."

"Nani kakwambia?"

"Vipimo vyako. Ilifaa nivisome kwanza. Nisamehe."

Mwanamume akakuna kidevu. "Na vigezo vyako vya mume, bibie? Navyo vilikuwa lundo."

"Nimepunguza. Kimebaki kimoja."

"Sura? Usinionee."

"Akiudhika, aseme. Asiniachie simu inaita tu."

"Hapo umenipata. Nilinuna kama mtoto. Nisamehe na mimi, mpenzi. Tuoane."

Alisubiri moyo uruke. Haukuruka. Akasema "haya" hivyo hivyo, kama anayemjibu karani, akanyoosha mkono kumpokea kikapu. Vidole vyake vikagusa chupa, zilizokuwa zimetoka kwenye barafu.

"Uwi! Baridi!"

Na machozi yaliyomgomea muda wote ule yakamwagika palepale ngazini, watu wakipita.

"Pole, mpenzi. Lete nibebe mwenyewe."

"Niache," alisema akilia. "Niache nibebe."