Nguo ya Saa Sita

"Haimwingii."

Fundi cherehani, mke wa nyumba hiyo, alijisemea peke yake, amepiga magoti kwenye chumba cha ibada. Sanamu ya shaba ya mungu Rama akiwa mtoto mchanga haikuzidi kiganja. Alikuwa ameipima kwa uzi mara tatu, na jana jioni nguo ilikaa vizuri. Leo mikono ilikataa kupita hata kwa dawa.

Zilibaki dakika ishirini kufika saa sita mchana, saa ya Rama kuzaliwa. Majirani walikuwa wameshajaa sebuleni. Mtoto avishwe nguo mpya, alazwe kwenye kibembea, kisha mwanamke wa nyumba avute kamba ambembeze. Mama mkwe alishamwambia waziwazi kwamba kosa dogo tu, kamba inakwenda kwa wifi yake. Fundi naye aliapa kimoyomoyo kuwa ikienda kwa wifi, anaondoka. Miezi minane ya ndoa, na kila kitu humo ndani bado kiliitwa cha marehemu, mke wa kwanza. Begi lilikuwa tayari chini ya kitanda.

Simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe kutoka namba ya mumewe, fundi saa, aliyetoka kufuata maua:

"Usilie. Tazama chini ya godoro la kibembea."

Akatazama. Palikuwa na kinguo cha manjano chenye harufu ya moshi, mishono yake ya mtu wa mashoto, kama alivyokuwa marehemu. Kikamwingia mtoto bila kusumbua.

Mumewe akaingia na maua.

"Umekitoa wapi hicho?"

"Si wewe umeniambia? Kumbe unamtunzia nguo zake. Mimi nimeolewa niwe mlinzi wa stoo?"

"Nimekuambia saa ngapi? Simu yangu hiyo hapo, tangu asubuhi."

Kweli, ilikuwa kwenye rafu, inachajiwa. Mumewe akakaa chini.

"Alikishona mwaka wake wa mwisho. Siku ya kuuchoma mwili wake nilikiweka kifuani kwake mimi mwenyewe. Nilikiona kikiungua."

Wote wawili waliogopa. Mume akamshika mkono.

"Nisamehe, mke wangu. Nilikuacha ushindane peke yako na mtu asiyekuwepo. Nakupenda."

"Hayupo? Una hakika?"

Mama mkwe akaingia kuita, akakiona kinguo, machozi yakamtoka. Akamkabidhi fundi kamba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Mbembeze, mwanangu."

Akavuta. Kamba ilikuwa nyepesi mno. Kila alipolegeza, kibembea kilivutwa kutoka upande wa pili, ambako hapakuwa na mtu.

Jioni alivuta begi ili arudishe nguo kabatini. Juu kabisa palikuwa na kinguo alichokishona yeye, kile kilichokataa kumwingia mtoto, alichokiacha chumba cha ibada. Kilikuwa kimefumuliwa na kuongezwa pande zote mbili, kwa mishono ya mashoto. Sindano ilikuwa bado imechomekwa, na uzi wake.

Akaichomoa, akaichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Asante, dada," akasema.