Nani Anaiba Oili?

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo, Kachero aliingia stoo kuifuta pikipiki ya baba yake. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu kalamu ikipotea yeye ndiye aliyepekua mabegi ya watu, tena bila kutumwa. Jina lilimkaa vizuri, naye alilipenda kupita kiasi.

Pikipiki ilikuwa imelala stoo tangu Baba alipopasuliwa goti. Ilikuwa ya zile za zamani ambazo injini yake huchoma petroli pamoja na oili. Oili ilikaa katika tangi lake dogo pembeni, na pampu iliisukuma kidogo kidogo hadi ndani ya injini. Baba alikuwa msoma mita za maji, na bila pikipiki hiyo asingeweza kurudi kazini. Kwa hiyo alimwagiza Kachero aangalie kila mara kijidirisha cha tangi, aone oili imefika wapi.

Jumamosi moja akakuta oili imeshuka. Baba alikuja akichechemea na gongo lake, akapapasa sakafu chini ya injini. Kulikuwa kukavu.

"Oili haina miguu," alisema. Akajaza tangi, akaondoka amenuna.

Oili ikashuka tena. Sasa nyumba nzima ikaanza kutazamana kwa jicho la pembeni, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa na watu watatu tu. Mama alikuwa amesafiri kumuuguza Bibi, na mdogo wake, ambaye Kachero alimwita Mama mdogo, ndiye aliyekuwa akiwapikia. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa humo humo stoo. Zamani ilikuwa ikipiga kelele kama mlango mbovu. Siku hizi ilikwenda kimya, laini. Kachero aliusikiliza ukimya ule, akauchukia.

"Umemwona mtu akiligusa tangi?" Baba alimuuliza.

Alichokuwa amekiona ni Mama mdogo akichutama kando ya pikipiki, akitafuta bobini ya uzi iliyobingirikia chini yake. Basi. Lakini Baba alikuwa akimtazama kama mtu anayemtegemea, na ulimi ukamponyoka.

"Nilimwona Mama mdogo akifungua kifuniko."

Baba akamwita shemeji yake. Mama mdogo alikana, akatoa kichupa chake cha oili nyepesi ya cherehani na kueleza kwamba alikuwa ameisafisha mashine mwenyewe. Baba hakusikia la mtu. Alimwambia ahamishe vitu vyake kabla ya wiki kuisha, akajaza tangi kwa mara nyingine.

"Dada atarudi akute sipo," Mama mdogo alisema taratibu. "Utamweleza nini, Shemeji?"

"Nitamweleza kilichoonekana."

Kachero alitaka ushahidi wa kummaliza mwizi. Alichukua uzi mwembamba, akaupitisha juu ya kifuniko cha tangi na kuubandika kwa gundi huku na huku. Mtu asingeweza kukifungua bila kuukata.

Siku chache baadaye alikwenda kuangalia. Uzi ulikuwa mzima, umeanza kushika vumbi. Akainama kwenye kijidirisha. Oili ilikuwa imeshuka.

Hakuna aliyekuwa amefungua tangi. Mkasi ulikuwa mezani karibu naye, na akaufikiria: kukata mara moja tu, na maneno yake yangeonekana ya kweli. Nyuma yake Mama mdogo aliingia na bisibisi, akaanza kuifungua cherehani kutoka kwenye meza yake. Skrubu ilimdondoka, akaiokota bila kumtazama Kachero.

Kachero aliogopa kuliko siku zote za maisha yake, lakini alikwenda kumwita Baba. Alimwonyesha uzi. Kisha akasema, huku Mama mdogo akisikia, "Sikumwona akifungua. Nilidanganya."

Baba alikaa kwenye kigoda, akaukagua uzi ule ncha hadi ncha. Mwishowe akasema, kama anayejisuta, "Kama haikutoka nje, basi imeingia ndani."

Aliuchomoa mpira wa oili kwenye pampu, akauziba kwa bolti. Wakasubiri siku kadhaa. Oili haikushuka hata kidogo, kwa hiyo tangi na mpira vilikuwa vizima. Ndipo akafungua bolti iliyo chini ya injini, na oili nzito ikachuruzika ndani ya beseni. Ndani ya pampu, Baba alieleza, mna goroli ndogo na springi yake, ambazo huziba njia injini ikizimwa. Springi ilikuwa imechoka, na oili ikawa inajipenyeza polepole mpaka tumboni mwa injini. Kila walipojaza tangi, waliizidishia tu.

"Ningeipiga kiki ikiwa imejaa hivi, ningeiua," alisema. Kisha akamgeukia Mama mdogo. "Shemeji, nimekukosea. Usiende popote."

Mama mdogo alileta kibanio chake cha kuvutia nyuzi, akaitoa ile goroli ambayo vidole vya Baba vilishindwa kuishika.

Springi mpya ilinunuliwa, plagi ikakaushwa, na pikipiki ikawaka kwa moshi uliomfanya jirani afunge madirisha huku akilalamika. Baada ya hapo oili ilitulia mahali pake.

Kachero alimfuata Mama mdogo stoo, akamwomba radhi akilia. Mama mdogo alimwacha alie kwanza.

"Ulichokiona, kiseme kama kilivyo," alimwambia. "Unachokidhania, njoo uniulize. Oili ikipotea, baba yako atanunua nyingine. Jina langu lingepotea, ungeninunulia jingine katika duka gani?"

Kachero alishika upande mmoja wa cherehani, Mama mdogo akashika mwingine, wakairudisha juu ya meza yake.