Mama Ahame Mara Moja Tu

Wateja walimwita Fundi Tarehe. Alikuwa seremala. Akikwambia kabati Jumamosi, basi Jumamosi kabati liko mlangoni kwako. Mafundi wengine mnawajua wenyewe, kila siku ni kesho!

Aliishi na mkewe, watoto, na mama yake mzazi. Macho ya mama yalififia taratibu, mwishowe akawa haoni kabisa. Alitembea kwa kupapasa ukuta. Lakini nyumba ilikuwa na ngazi, na siku moja aliteleza, akavunjika mkono. Fundi na mkewe wakaamua kuiuza, wanunue nyingine isiyo na ngazi.

Mnunuzi alipatikana haraka, mwalimu wa shule.

"Utanikabidhi lini?" mwalimu aliuliza.

"Mwisho wa mwezi," Fundi akajibu palepale, kama anayeuza kabati. Wakapeana mikono.

Mkewe aliposikia, alishika kiuno. "Mwisho wa mwezi sisi tutakuwa wapi, baba watoto? Nyumba ya kununua hata hatujaiona!"

"Tutapanga chumba kwa muda. Tukipata nyumba, tutahama tena."

Mama alikuwa kitandani, mkono umefungwa plasta. Alisikia yote.

"Mwanangu," alisema, "nyumba hii niliijua nikiwa naona. Hicho chumba nitajifunza kwa kupapasa. Nikishakizoea mnitoe, nianze upya kwingine? Mtanihamisha mara ngapi mimi?"

Roho ilimuuma Fundi sana.

Kesho yake walimwendea jirani yao, dada mmoja wakili.

"Kaka, umesaini chochote?" wakili aliuliza. "Umepokea hela?"

"Bado. Nimetoa neno tu."

"Afadhali! Nyumba si kabati, kaka. Ukitoa kabati, wewe unabaki kwako. Ukitoa nyumba, unabaki nje."

"Basi tununue kwanza, tuuze baadaye?" mke aliuliza.

"Kwa pesa gani, wifi? Mkikopa halafu mwalimu akighairi, mtabaki na nyumba mbili na deni shingoni. Mambo haya yaende pamoja. Tafuteni nyumba mnayoitaka. Kisha twende ofisi ya ardhi, tuhakikishe anayeuza ndiye mwenyewe, na nyumba haijawekwa rehani. Mwambieni ukweli, kwamba mtamlipa mkishalipwa. Mkataba useme hivyo. Nao mkataba wa mwalimu utaje siku ya kumkabidhi funguo. Iwe siku chache baada ya nyinyi kupata zenu, ili mhame kwa utulivu."

Fundi aliinama. "Lakini nimeshampa tarehe. Tangu nianze kazi sijawahi kumbadilishia mtu."

"Leo utambadilishia," mkewe akasema.

Akaenda, miguu mizito. Alimweleza mwalimu habari za mama yake, akaomba tarehe isogezwe.

"Fundi, mbona hukusema?" mwalimu alishangaa. "Mimi mwenyewe nahama shule zikifungwa. Nilikuuliza lini, sikukwambia nina haraka."

Loo! Fundi alitamani ardhi ipasuke. Karibu amtese mama yake kwa haraka ambayo haikuwa ya mtu yeyote.

Wakaanza kutafuta. Nyumba ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini ofisi ya ardhi ilionyesha imewekwa rehani benki. Wakaachana nayo. Ya pili ilikuwa ndogo, haina ngazi, na mwenyewe alikubali kungoja. Mikataba yote miwili ikasainiwa mbele ya wakili. Mwalimu alipolipa, nao wakalipa na kupewa funguo.

Kabla ya kubeba hata kiti, Fundi alimpeleka mama. Nyumba ilikuwa tupu. Alimshika mkono, wakaufuata ukuta polepole.

"Hapa mlango wako, mama. Hapa choo. Hapa jiko."

"Tena," mama alisema. Wakarudia, na wakarudia tena. Ndipo vitu vikaletwa, na mwalimu akakabidhiwa funguo zake kama mkataba ulivyosema.

Siku kadhaa baadaye, asubuhi na mapema, Fundi alisikia nyayo sebuleni. Aliruka kutoka kitandani, lakini mkewe akamshika mkono.

"Mwache."

Nyayo zilipita choo. Zikasimama. Zikaendelea mpaka jikoni, na maji yakasikika yakimiminwa kwenye kikombe.

"Mama?" Fundi aliita, machozi yakimlengalenga. "Nije nikushike?"

"Lala, mwanangu," mama akajibu. "Niko nyumbani."